Fomula ni ileile, mbona mishumaa imebadilika?

"Natengeneza mishumaa ya harufu nyumbani, hapa Morogoro, tangu Novemba mwaka jana. Februari nilitengeneza glasi 20 zikatoka vizuri sana, walionunua wakarudi. Julai nikapata oda ya glasi 60 za harusi. Nikatumia fomula ileile: kila mkupuo, yaani sufuria moja, nta vikombe vitano na manukato vifuniko vinne, utambi uleule, nta ya duka lilelile. Kilichobadilika ni chupa ya manukato tu, safari hii nilinunua kubwa ili nipate nafuu. Nilipika mikupuo kumi kwa siku mbili. Zaidi ya nusu ya glasi zilitoka na mashimo karibu na utambi, nyingine zinatoa moshi mweusi na juu zina kama jasho la mafuta. Rafiki yangu anayetengeneza sabuni ameniambia tatizo langu ni kutotunza kumbukumbu. Lakini daftari ninalo, naandika manunuzi na mauzo yote. Je, kuna kingine cha kuandika? Sina kompyuta, na sitaki kazi ya mikono yangu igeuke kazi ya ofisini."

Pole sana, ndugu yangu. Oda ya harusi haina kesho, na naelewa uchungu wa kukabidhi pungufu ya ulichoahidi. Swali lako nimelisoma mara kadhaa, maana sehemu kubwa ya jibu imo humohumo. Unasema fomula ni ileile, nami naamini ulifuata ulichokumbuka kwa uaminifu. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe, mishumaa ya Februari na ya Julai haikuwa ya fomula moja, na daftari lako halina ukurasa ambao ungekuonyesha hivyo. Rafiki yako amekuambia kweli, ila hakukufafanulia.

Daftari la manunuzi na mauzo usiliache. Linakuonyesha pesa ilikopita. Halikuonyeshi nta ilifanya nini sufuriani. Hapo watengenezaji wengi wadogo huchanganya mambo: wakishaandika fomula kwenye kipande cha karatasi na kukibandika ukutani, wanaona kumbukumbu wanazo. Fomula ni kile unachokusudia kufanya. Kumbukumbu ni kile ulichofanya siku ile, kwa nta ile, katika hali ya hewa ile, na jinsi mshumaa ulivyowaka baadaye. Mambo yakienda sawa huoni tofauti kati ya hivyo viwili. Yakiharibika, kimoja tu ndicho kinachokusaidia.

Tuanze na vifuniko vinne. Ulibadilisha chupa, na chupa kubwa kwa kawaida ina kifuniko kikubwa. Tuseme kifuniko cha zamani kilibeba mililita 10 na kipya kinabeba 20. Vinne vya kwanza ni mililita 40, vinne vya pili ni 80. Vikombe vitano vya nta iliyoyeyuka ni kama kilo moja, kwa hiyo ulitoka kwenye takriban asilimia 4 ya manukato ukaingia kwenye takriban asilimia 8 bila kujua. Nta ya parafini ya kawaida, isiyo na kiongezi chochote, haishiki mafuta mengi kiasi hicho. Mimi siivushi asilimia 6, na naanzia chini ya hapo. Mafuta yanayozidi hayana pa kukaa, hivyo nta ikiganda yanasukumwa juu. Hilo ndilo jasho uliloliona. Wengi huamini kwamba manukato yakiongezwa harufu nayo inaongezeka. Inaongezeka mpaka kiwango fulani, kisha mafuta yanaanza kuuchafua utambi na harufu ya mshumaa unaowaka inapungua.

Vikombe navyo vina shida yake. Kikombe cha nta iliyokatwa mapande kina hewa nyingi kuliko kikombe cha nta iliyokunwa laini. Pima mwenyewe: jaza kikombe kwa njia zote mbili, weka kwenye mizani, uone. Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachokuomba ununue, kabla hata ya manukato mapya, ni mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni inayosoma gramu. Pima nta kwa gramu, manukato kwa gramu, rangi kwa gramu. Usipime kimoja kwa uzito na kingine kwa ujazo.

Kisha kuna nta yenyewe. Duka lilelile si gunia lilelile. Tazama maandishi kwenye gunia au katoni: parafini nyingi huandikwa namba mbili, mfano 58/60, maana yake inayeyuka kati ya nyuzi joto 58 na 60. Dukani wanaweza kuishiwa 58/60 wakakuuzia 56/58, au wakakuuzia ambayo haikusafishwa kikamilifu, yenye mafuta zaidi ndani yake. Kwa macho zote ni nyeupe. Muombe muuzaji akuonyeshe gunia, uandike namba. Kama wewe ni wa kuchanganya na nta ya nyuki ya Tabora au Katavi, hapo kuandika ni lazima zaidi, maana nta ya nyuki inayeyuka karibu nyuzi 62 hadi 64, ni nzito kupanda kwenye utambi, na rangi yake inatofautiana mavuno kwa mavuno.

Sasa mashimo. Nta inapoganda inasinyaa. Ile inayogusa glasi na inayogusa hewa inaganda kwanza, ya katikati inabaki majimaji. Ya katikati ikianza kuganda nayo inavuta kuelekea kwenye kuta zilizokwisha kuwa ngumu, na inaacha uwazi palipokuwa pa mwisho kuganda, yaani kando ya utambi. Kadiri sehemu ya nje inavyoganda haraka, ndivyo uwazi unavyokuwa mkubwa. Februari Morogoro ni joto kali, glasi zako zilipoa taratibu. Julai ni kipupwe, na upepo wa milima ya Uluguru ukishuka jioni unapuliza moja kwa moja juu ya meza. Hukubadilisha kitu, lakini hewa ilibadilika, na hewa nayo ni kiungo. Dawa yake inajulikana: pasha glasi kidogo kabla ya kumimina, ziwe kavu kabisa, ziweke mbali na dirisha, bakiza kama sehemu moja ya kumi ya nta, uso ukianza kukaza toboa vijishimo viwili vitatu karibu na utambi kwa kijiti cha mshikaki, kisha jazia kwa ile nta uliyobakiza ikiwa na joto lililozidi kidogo lile la kumimina mwanzo. Hali ya hewa inaandikwa kwa maneno matatu tu, na maneno hayo matatu yangekuonya Julai.

Moshi mweusi unahitaji nieleze mshumaa unavyowaka. Kinachowaka si utambi, na wala si nta iliyoganda. Moto unayeyusha nta, utambi unainyonya kwenda juu kama taulo linavyonyonya maji, na kwenye moto nta inageuka mvuke. Mvuke ndio unaowaka. Mvuke ukifika mwingi kuliko hewa inayoweza kuuunguza, kaboni isiyoungua inatoka kama masizi. Hilo linatokea utambi ukiwa mnene mno kwa glasi hiyo, ukiwa mrefu mno (uukate ubaki milimita 5 hadi 6 kila mara kabla ya kuwasha), kukiwa na upepo, au nta ikiwa na mafuta mengi. Kwa mishumaa yako ya Julai namshuku huyu wa mwisho kwanza. Lakini ni kushuku tu, na hapa ndipo daftari linapoingia.

Ulipika mikupuo kumi. Glasi zaidi ya 30 ziliharibika. Zilikuwa za mikupuo ipi? Zile za asubuhi au za jioni? Zile zenye mashimo ndizo zenye jasho, au ni kundi jingine? Kama mashimo yalikuwa kwenye mikupuo ya jioni pekee, tatizo ni baridi. Kama jasho lilikuwa kwenye zote kumi, tatizo ni manukato. Kama moshi ulitokea kwenye mikupuo mitatu ya mwisho tu, basi huenda ulifungua gunia jingine hapo katikati. Majibu yote haya yalikuwa mezani kwako siku ile, yakapotea kwa sababu glasi 60 zilichanganywa kwenye maboksi bila alama. Hasara ya vifaa unaweza kuirudisha. Hili la kutojua ni mkupuo upi ndilo litakalokugharimu tena.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipia fundisho hili. Mteja alitaka tena mishumaa ya kijani niliyomtengenezea mwaka mmoja nyuma, mia moja, kwa ajili ya hoteli yake. Nikafungua daftari nikakuta nimeandika: nta ndoo moja, rangi kidogo, imetoka nzuri. Nilijaribu mara nne, rangi haikurudi. Aliniaga kwa upole, na hakuagiza tena. Tangu hapo neno "kidogo" sijaliandika mahali popote karibu na sufuria.

Kwa hiyo uandike nini? Huhitaji kompyuta. Chukua kaunta buku moja, tofauti na la mauzo, na kila mkupuo uupe namba: siku, mwezi, na mkupuo wa ngapi siku hiyo. Huu ni ukurasa wa namna ninavyoandika:

Mkupuo 0807-3. Jumanne, saa 10 jioni. Baridi, upepo, dirisha wazi.
Nta: gramu 1,000, gunia la pili, 58/60. Iliyoyeyushwa tena: hakuna.
Manukato: mchaichai, gramu 50, chupa iliyofunguliwa tarehe 2. Yameingia nyuzi 80, nimekoroga dakika 2.
Nimemimina nyuzi 72. Glasi hazikupashwa.
Utambi: pamba, rola la bluu. Glasi 6 za upana wa sentimita 7, gramu 155 kila moja.
Imebaki gramu 110 ya kujazia. Nimejazia saa 11 na nusu.
Asubuhi: 4 safi, 2 zina shimo. Zote mbili zilikuwa upande wa dirisha.

Ni dakika tatu za kuandika, na nyingi kati ya hizo unasubiri nta iyeyuke hata hivyo. Tazama mstari wa mwisho: glasi mbili za upande wa dirisha. Hakuna mtaalamu atakayekuambia hilo kwa simu, lakini ukurasa umekuambia kesho yake asubuhi.

Mambo mawili kuhusu namna ya kuandika. Andika wakati ule ule, si usiku ukishaoga. Ukiandika usiku utaandika fomula, kwa sababu kichwa kinajaza kile kilichopaswa kutokea. Na andika kwa penseli. Ukurasa ukidondokewa na nta kalamu ya wino haishiki juu yake. Daftari langu la kwanza lina kurasa zinazoangaza kama karatasi ya maandazi, na nusu ya namba hazisomeki. Mwisho wa siku piga picha ukurasa kwa simu, ujitumie WhatsApp. Picha peke yake, bila daftari, haitoshi: picha ya mshumaa mzuri haikuonyeshi nyuzi joto.

Utaona nimetaja nyuzi joto mara nyingi. Kipimajoto ni kifaa cha pili cha kununua. Kuna wanaopima kwa kutazama mvuke au kwa kugusa sufuria kwa nje, waache. Nta haichemki kama maji ikakuonya. Inazidi kupata moto kimyakimya, na ikivuka nyuzi 200 mvuke wake unaweza kushika moto. Kwa hiyo yeyushia kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, maana maji hayavuki nyuzi 100, na usiweke chombo cha nta juu ya mkaa moja kwa moja hata ukiwa na haraka. Nta ikishika moto, zima jiko kama unalifikia bila kuungua, na funika kwa mfuniko. Usimwage maji kamwe: yanageuka mvuke papo hapo na kurusha nta inayowaka chumba kizima. Mfuniko uwe umelala pembeni ya jiko kabla hujawasha.

Kuna ukurasa wa pili ambao karibu hakuna mtu anauandika, na kwangu ndio wenye thamani kuliko wote: ukurasa wa kuwasha. Kila mkupuo bakiza mshumaa mmoja usiouza. Uache siku kadhaa ukomae, kisha pima uzito wake pamoja na glasi, uwashe pasipo na upepo, ukae nao. Kadirio la kawaida ni kwamba nta inayeyuka kwa upana wa sentimita 2.5 kwa saa, hivyo glasi yako ya sentimita 7 inapaswa kuyeyuka mpaka ukingoni ndani ya kama saa 3. Ikibaki nta kavu pembeni na moto umezama katikati kama kisima, utambi ni mwembamba. Ikifika ukingoni ndani ya saa moja, moto ukirukaruka na glasi ikawa haishikiki kwa joto, utambi ni mnene, na huo ni mshumaa wa hatari, usiuuze. Baada ya saa 4 zima, acha upoe, pima tena. Tuseme ulianza gramu 372 ukamaliza 348: umetumia gramu 24 kwa saa 4, yaani gramu 6 kwa saa. Glasi yenye gramu 155 ingewaka takriban saa 25. Ile sentimita moja ya mwisho isiunguzwe, kwa sababu chini ya hapo moto unaikaribia sakafu ya glasi na inaweza kupasuka. Hivyo kwenye lebo andika saa 20. Hapo unaandika ulichopima, na mteja akiuliza una ukurasa wa kumwonyesha.

Ukianza kurekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Najua hamu ya kubadilisha nta, utambi na manukato kwa pamoja ili tatizo liishe leo. Likiisha hutajua kipi kiliponya, na likibaki hutajua kipi kiliharibu. Kwako ningeanza hivi: mkupuo mmoja wa glasi sita, nta ileile iliyobaki, utambi uleule, manukato gramu 40 kwa kilo. Jasho na moshi vikiisha, umepata jibu la manukato. Kisha mkupuo wa pili uwe sawa kabisa na huo, ila glasi zimepashwa na zimejaziwa. Huenda utatumia kilo mbili za nta kwa jaribio hili. Ni gharama, sikufichi, lakini ni ndogo kuliko glasi 30 za harusi.

Zile zilizoharibika zinaweza kuyeyushwa tena, ila usizichanganye na nta mpya bila kuandika. Tayari zina manukato ya ziada ndani, na ukiongeza mengine juu yake unarudi kwenye jasho. Weka kwenye ndoo yake, yenye namba za mikupuo, na uitumie kidogokidogo kwenye nta isiyo na harufu. Na kila glasi inayotoka, andika namba ya mkupuo chini kwa maka peni. Siku mteja akikupigia kwamba glasi imepasuka, utamwambia akusomee namba, na utajua dada zake watano wako wapi ili uwarudishe kabla halijatokea jingine.

Hapa ndipo madaftari yako mawili yanapokutana. Tuseme kwenye oda nyingine vifaa vya glasi 60, pamoja na mkaa na nauli, vimekugharimu shilingi 132,000. Wengi wanagawa kwa 60 na kupata 2,200 kwa glasi. Kama zilizouzika ni 52, gharama ya kila moja ni karibu 2,540. Hiyo tofauti ya 340 inatoka kwenye faida yako bila kupiga hodi, na huioni kama daftari la mauzo halijui ni ngapi zilikufa sufuriani. Ongeza na saa zako za kazi. Kuhusu kodi, utaratibu wa makadirio kwa wafanyabiashara wadogo Tanzania umekuwa ukimtofautisha anayetunza kumbukumbu na asiyetunza: wa kwanza anakadiriwa kwa kufuata mauzo yake, wa pili kwa kiwango kilichopangwa. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo nenda ofisi ya TRA ya mkoa na daftari lako mkononi, wakuelekeze kwa hali yako.

Lini utafute msaada wa ana kwa ana? Kama baada ya mikupuo miwili niliyokuelekeza mashimo au moshi bado vipo, beba glasi moja nzuri, moja mbaya na kurasa zake, uende SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Morogoro, ukaeleze wanaofundisha wajasiriamali. Kwa kurasa hizo mazungumzo ya saa nzima yatakwisha kwa dakika kumi. Ukitaka kupeleka madukani makubwa au kupata alama ya ubora, zungumza na TBS, shirika la viwango, mapema, kabla hujachapisha lebo nyingi. Glasi ikipasuka ikiwaka, hata moja, simamisha mauzo ya mkupuo huo na mwonyeshe mtu glasi yenyewe; usijaribu kukisia kutoka kwenye picha. Na wewe au mtoto akiungua kwa nta, mwagia sehemu hiyo maji safi ya bomba kwa dakika 20, usibandue nta iliyogandia kwenye ngozi, nenda hospitali. Hali kadhalika ukianza kubanwa kifua au kuumwa kichwa kila unapochanganya manukato: fungua madirisha siku hiyo, na mwone daktari ukiwa na jina la manukato uliyokuwa ukitumia. Nalo liwe limeandikwa.